Kiti cha Mtoto Mtulivu

Katika nyumba ya Fundi seremala, neno lililosemwa mara nyingi kuliko "karibu" lilikuwa "Mguu!" Mtoto akiinuka haraka: "Mguu!" Akijinyoosha kufikia kikombe kilicho juu: "Mguu!" Akicheka mpaka mwili ukatikisika, bibi yake alimtupia jicho la onyo, kwa sababu kicheko nacho, kikizidi, kinaweza kushuka hadi mguuni. Mama yake, aliyekuwa msusi na kuwasukia wateja pale pale sebuleni, aliweza kulisema neno hilo bila kugeuza kichwa wala kupoteza hesabu ya misuko.

Mguu wenyewe ulikuwa wa kushoto. Ulivunjika miaka miwili nyuma, chini ya goti, mtoto akiwa na miaka sita. Ulifungwa plasta, plasta ikatolewa, mfupa ukaunga. Hospitali ilisahau habari hiyo siku ile ile; nyumba haikusahau. Tangu hapo mtoto hakupanda kitu, hakuruka kitu, hakukimbizana na mtu. Sasa alikuwa na miaka minane, na alikaa alipowekwa.

Na watu walivyompenda! Wateja walikuja na watoto wao, wale wa kuning'inia dirishani na kuonja mafuta ya nywele, wakamwona binti wa msusi ametulia pembeni, mikono magotini, wakaguna kwa wivu.

"Mwenzetu, huyu unampa nini?"

"Simpi kitu," alijibu mama mtu, na unyenyekevu wake ulikuwa umenona. "Kazaliwa hivyo."

Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa hashikiki, na kabla ya kuvunjika alikuwa amekwisha kuwamalizia vikombe vyote vyenye mkono. Lakini sifa ni tamu, na mtu akipewa haulizi imetoka wapi.

Shuleni ndiko alikovikwa taji. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mwenye maadui wawili duniani, kelele na mbio. Alikuwa ameotesha maua katikati ya uwanja ili mpira ukose pa kupita, na wakati wa mapumziko watoto waliyazunguka maua hayo kwa mstari, mikono nyuma, jambo ambalo katika ratiba liliandikwa "michezo". Binti wa Fundi alisamehewa hata mstari. Alibaki darasani peke yake. Mwalimu Mkuu alimpita dirishani kila siku, akasimama, akapumua kwa raha. Jina alilompa ndilo likawa jina lake shule nzima: Mfano.

*

Kiti Mwalimu Mkuu alikiona kwa bahati. Alikuja karakana kuulizia mlango wa ofisi yake, akamkuta Mfano amekaa katikati ya maranda, akimsubiri baba yake afunge kazi.

"Fundi, hiki ni nini?"

"Kiti cha mtoto, Mwalimu."

Fundi alikitengeneza wiki plasta ilipotoka. Kilikuwa na mgongo ulionyooka, mikono miwili, na ubao wa mbele uliopita juu ya mapaja na kufungwa kwa kijiti, mtoto asije akateleza. Kazi safi, isiyo na msumari hata mmoja. Tena hakukiacha hivyo hivyo. Kila baada ya miezi michache alifumba jicho moja, akamtazama mtoto kwa lile lililobaki kama anavyoutazama ubao, akaona bega la kulia limeshuka. Seremala akiona kitu kimekwenda upande hamwiti daktari. Alikipindua kiti, akaipiga randa miguu ya kushoto, akamkalisha mtoto tena, akafumba jicho. Mabega yakalingana, naye akaridhika.

Mwalimu Mkuu alikizunguka mara tatu. Alikifunga kile kijiti, akakifungua, akakifunga tena.

"Hiki si kiti," alisema kwa sauti ya chini. "Hiki ni mwalimu msaidizi. Unaweza kunitengenezea mia mbili?"

Fundi alishika meza. Kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata ilikuwa kabati la mtu aliyehama mji kabla halijakauka rangi.

"Samaki mkunje angali mbichi, Fundi. Tutakionyesha Kamati ya shule Siku ya Wazazi, na Mfano atakikalia mwenyewe. Wataka ushahidi gani tena? Ila wale Kamati wanapenda karatasi. Nitafutie barua ya hospitali, iseme tu kwamba kiti hakina madhara kwa watoto. Utaratibu tu. Wakiona muhuri roho zao zinatulia."

*

Kwa hiyo mama na binti walikwenda hospitali kutafuta barua, kiti kikiwa kichwani kwa mama. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni waliuliza kama siku hizi mtu anakuja na chake. Daktari wa kwanza alikitazama kiti, hakumtazama mtoto, akasema viti si kazi yake. Aliwaelekeza mwisho wa baraza, kwenye chumba cha viungo.

Kilikuwa chumba cha ajabu: mipira, kamba, ngazi isiyokwenda popote, magodoro ya kuangukia. Mwenye chumba alikuwa mwanamke kijana aliyevaa raba, na wagonjwa walimwita Daktari wa Mazoezi. Huyu alifanya kinyume cha mwenzake. Hakukitazama kiti. Alimtazama mtoto akiingia, akamtazama akivua viatu, akamtazama akizunguka mpira badala ya kuuruka.

"Simama kwa mguu mmoja, mwanangu. Wa kulia."

Mtoto alisimama. Wakahesabu wote mpaka ishirini, wakaacha kwa kuchoka kuhesabu.

"Haya, sasa wa kushoto."

Mtoto alimtazama mama yake. Mama alifumbua mdomo, na neno la nyumbani likamfika mpaka kwenye meno. Mtoto aliinua mguu wa kulia. "Moja," alisema Daktari wa Mazoezi. Mbili haikufika, alikuwa amekwisha kumdaka.

Alipima mapaja kwa futi ya kitambaa. La kushoto lilikuwa jembamba kuliko la kulia. Aliagiza picha, na picha ilipokuja akaiinua dirishani.

"Mfupa huu ulipona zamani. Umepona kuliko wangu."

"Sasa mbona anachechemea?"

"Kwa sababu hautumii. Hata akikaa anaukwepa. Analala vizuri?"

"Anashtukashtuka," alisema mama.

"Ana marafiki?"

"Ana heshima sana."

"Sikuuliza heshima, mama. Nimeuliza marafiki."

Mtoto ndiye aliyejibu. "Kuna wanaonisalimia," alisema.

Mama wa watu aliinamisha uso, akajishughulisha na kifungo cha blauzi kilichokuwa kimefungwa tayari. Aliona aibu, na aibu ile ilimuuma kuliko yote aliyosikia asubuhi hiyo.

"Mwili wa mtoto unajifunza kila siku," alisema Daktari wa Mazoezi. "Wenu amejifunza kukaa na kuogopa. Tukianza sasa, atakimbia kama wenzake. Tukingoja mwaka mwingine na mwingine, mwendo huu ndio atakaokua nao, na woga wake juu." Aliandika karatasi, akampa. "Na asikae zaidi ya nusu saa bila kuinuka."

"Na ile barua ya kiti?"

Sasa ndipo alipokitazama. Alikifunga kile kijiti, akakifungua. "Mwambie aliyekitengeneza aje tuzungumze."

"Ni baba yake."

Daktari wa Mazoezi alikiachia kijiti. "Basi mwambie aje leo," alisema.

*

Fundi hakwenda. Alisoma karatasi akiwa amesimama mlangoni, maranda yamemganda kwenye nyusi.

"Kuruka kamba. Kupanda na kushuka. Kukimbizana na wenzake. Kutwa mara tatu." Aliigeuza nyuma, nyuma hakukuwa na kitu. "Hii naipeleka duka gani la dawa?"

"Huyo daktari mwenyewe kavaa raba," alisema bibi, aliyekwisha kusimuliwa yote. "Mlitegemea aandike nini? Watu wanakwenda hospitali kutibiwa, nyie mmerudi na mchezo!"

"Mama, mtoto hawezi kusimama kwa mguu wake."

"Anasimama kwa mmoja, anakalia kiti. Anakosa nini? Mjini watoto wangapi wana sifa kama yake? Kesho kutwa atapigiwa makofi na Kamati nzima, na wewe unataka akakimbizane!"

Mkewe Fundi alimgeukia mumewe. "Siku ya Wazazi atakuja, lakini kwenye kile kiti hakai."

"Siku moja, mke wangu. Saa moja ya hotuba. Siku moja itamdhuru nini?"

"Siku moja ndivyo tulivyosema kila siku."

"Viti mia mbili! Unajua hiyo ni kazi ya muda gani? Na barua nimekwisha kumwambia Mwalimu inakuja."

"Haiji."

Haikuja kweli, na haikuhitajika. Mwalimu Mkuu, alipoambiwa hospitali imechelewa, alifungua droo yake. "Muhuri ninao mimi pia," alisema, akagonga wa shule juu ya karatasi aliyoiandika mwenyewe.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemuumiza?" Fundi aliuliza ghafla usiku ule, chakula kikiwa mezani. Wote walimwangalia, kwa sababu hakuna aliyekuwa amesema hivyo. Mtoto aliacha kula. Fundi aliinuka, akasema amesahau kufunga karakana, na karakana ilikuwa imefungwa.

Watu wote walijua kwamba mtoto aliteleza kutoka juu ya mbao. Ndivyo Fundi alivyowaambia, na ndivyo alivyowaambia madaktari. Lakini hakuteleza. Alikuwa amepanda rundo la mbao, amesimama juu kabisa, anacheka, na baba yake akamnyooshea mikono akamwambia: "Ruka, nitakudaka!" Wakati ule ule mteja aliita kutoka barabarani, na Fundi akageuza kichwa. Aligeuza kichwa tu. Kiti kile alikitengeneza kwa wiki nzima bila kulala vizuri, na hakuna kitu alichowahi kukitengeneza kwa mapenzi zaidi. Ubao wa mbele ulikuwa mikono yake, safari hii ikiwahi.

*

Siku ya Wazazi maua yalimwagiwa maji na watoto wakaonywa. Kiti kilipandishwa juu ya meza, kikafunikwa kitambaa. Mwalimu Mkuu alizungumza juu ya nidhamu kwa muda mrefu kiasi kwamba wazazi walianza kujikunja kwenye viti vyao, wakatikisa miguu, wakatoka nje kidogo, mambo ambayo mtoto angeyafanya angeitwa mtundu. Kisha alivuta kitambaa.

"Na sasa, Mfano aje mbele!"

Mkewe Fundi alisimama katika safu ya tatu. "Mwanangu amekaa vya kutosha, Mwalimu," alisema, akakaa yeye.

Minong'ono ilipita. Bibi aliukunja uso kama aliyelambishwa ndimu. Fundi, pale mbele, katika shati lake la harusi, hakujua pa kuweka mikono. Lakini Mwalimu Mkuu hakuwa mtu wa kukwama.

"Mtoto yeyote!" alisema. "Kiti bora hakichagui mtu." Akamnyooshea kidole mtoto wa Mwenyekiti wa Kamati, kivulana cha miaka saba, kinene, kilichopigwa pasi mpaka soksi. Kilipandishwa, kikakalishwa, kijiti kikafungwa. Taratibu kabisa kikaanza kwenda kushoto.

"Kaa vizuri," alisema Mwalimu Mkuu kwa tabasamu.

"Nimekaa."

"Kaa wima."

"Kinanimwaga!" kilisema kile kivulana, shavu likiwa limefika kwenye mkono wa kiti.

Watu walicheka. Aliletwa msichana mrefu wa darasa la juu. Naye akaenda kushoto. Walisema labda ni meza. Kiti kilishushwa chini. Mwalimu wa hesabu alijitolea, akakalia ukingo wake kwa heshima, akateleza kwa heshima hiyo hiyo.

"Fundi," alisema Mwenyekiti wa Kamati, "ulikuwa umekunywa nini?"

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa. Fundi alihisi masikio yakiwaka moto. Miaka ishirini ya kazi, na hakuna aliyewahi kumwambia kitu chake kiko upande. Alitoa pima maji mfuko wa nyuma, kile kifaa chenye tone la hewa linalokimbilia palipoinuka. Alikiweka juu ya meza. Tone likatulia katikati. Alikiweka chini, katikati. Alikiweka juu ya kiti, na tone likakimbia kulia likakwama mwisho kabisa. Aliligonga kwa kidole. Halikurudi.

"Kwangu hakiko upande," ilisema sauti ya mtoto.

Mfano alikuwa ametoka katika safu ya tatu. Mama yake alinyoosha mkono, akachelewa. Alipita mbele ya watu wote akichechemea, kwa mwendo wake wa pole, na hakuna aliyemwona akichechemea kwa sababu walikuwa wamezoea kuuita adabu.

"Mimi huwa nakaa vizuri, baba," alisema, naye alikuwa amekuja kumwokoa baba yake. "Waambie wasikucheke."

Alikaa. Alifunga kijiti mwenyewe. Akaweka mikono magotini, na mabega yake yakalingana kama mstari wa daftari.

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Bibi alipiga kuliko wote. "Mmeona!" alipaza sauti Mwalimu Mkuu. "Mmeona, wazazi? Kiti hakina kosa! Kosa ni la hao watoto wengine!" Na Mwenyekiti wa Kamati, ambaye mwanawe alikuwa bado anasugua shavu, alitikisa kichwa kukubali kwamba ndivyo.

Fundi peke yake hakupiga makofi. Alikuwa bado ameshika pima maji. Kiti kilikuwa upande. Mtoto juu yake alikuwa wima. Hesabu hiyo haihitaji shule. Alizikumbuka zile siku moja moja: bega limeshuka, kiti kimepinduliwa, randa, jicho limefumbwa. Mara ngapi? Sita? Saba? Kila mtoto alipopinda, yeye alikipinda kiti zaidi ili asimwone. Na alijisifu kwa jicho lake. Moyo ulimuuma vibaya sana, akaogopa kwamba angelia mbele ya Kamati.

Alipiga goti, akachomoa kijiti.

"Shuka, mwanangu."

"Nimekosea?"

"Hujakosea. Shuka."

"Fundi!" alisema Mwalimu Mkuu. "Tumekwisha kukubali! Mia mbili!"

"Siuzi, Mwalimu. Kiko upande."

"Lakini mtoto kanyooka!"

"Ndiyo," alisema Fundi. "Nilikipinda mimi, nisije nikaona yeye alivyopinda."

Palikuwa kimya. Mwalimu Mkuu alikuwa ameutafuta ukimya kama ule miaka yote ya kazi yake, na alipoupata hakuupenda.

*

Njiani kurudi bibi alitangulia mbele kwa hasira, mtoto akamfuata. Fundi alibeba kiti begani. Walipofika kwenye kona ya duka la mkaa alimwambia mkewe, bila kumtazama, kwamba mtoto hakuteleza siku ile. Alimwambia aruke, halafu akageuka. Alisema yote, kwa haraka, mpaka yakaisha.

Mkewe hakupunguza mwendo.

"Najua," alisema. "Aliniambia mwenyewe siku ile ile, hospitali."

"Miaka miwili unajua?"

"Nilikuwa nakungoja useme. Na wakati nakungoja nami nikawa napiga kelele 'mguu, mguu' kama wewe." Alimpokea kiti. "Tumeshirikiana vizuri."

*

Viti mia mbili vilitengenezwa na seremala mwingine, na vilikaa sawa kabisa. Watoto waligundua kwamba ubao wa mbele, ukipigwa kwa viganja, unatoa mlio mzuri, na Mwalimu Mkuu akapata ngoma mia mbili. Kwa Fundi mambo yalikuwa ya kawaida, yaani mabaya. Alitengeneza vitanda na kurekebisha milango ya watu.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi, ukiwauliza wateja. Mtoto aliruka kamba sebuleni asubuhi, akapanda ngazi ya jirani mchana, akakimbizana jioni na yeyote aliyekubali, na mwanzoni hakuna aliyekubali kwa sababu kumkamata hakukuwa na sifa. Alianguka. Alilia. Alikataa siku nne mfululizo, akaomba kiti chake. Mama yake aliuma kanga na kumwambia hakuna kiti. Kuna mteja aliyehamia kwa msusi mwingine, akisema mtoto yule zamani alikuwa na malezi. Bibi alitoka nje kila zoezi lilipoanza, akasimama ukutani na kuhesabu kwa sauti mianguko, ili ijulikane baadaye kwamba alionya.

Siku moja mtoto alipanda rundo la mbao karakana, mwenyewe, bila kutumwa. Alifika juu kabisa. Fundi aliweka randa chini, akamwendea, akanyoosha mikono.

"Ruka, nitakudaka."

Mtoto alimtazama kutoka juu. "Mara ile ulisema hivyo hivyo."

"Ndiyo."

"Ukageuka."

"Niligeuka," alisema Fundi. "Nilikosa, mwanangu. Nisamehe."

Mtoto alifikiri. Kisha akageuka, akashika ubao, akashuka taratibu, mguu mmoja, mguu mwingine, mpaka chini. Akaenda zake nje. Baba yake alibaki amesimama pale, mikono imenyooshwa, na hakuwa na haki ya kulalamika.

*

Barua ya shule ilifika mwezi wa tano. Ilikuwa na mihuri miwili. Fundi aliifungua sebuleni, mkewe akiwa katikati ya kichwa cha mteja, bibi akiwa amekaa pembeni na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Isome kwa sauti," alisema bibi. "Nilijua yatafika huku."

Fundi alisoma. "'Kwa masikitiko makubwa. Siku ya Jumatano, saa nne na dakika kumi na mbili, mwanafunzi aliyekuwa akijulikana kama Mfano alitoka kwenye mstari wa michezo bila ruhusa. Alionekana akikimbia. Aliitwa mara tatu, na mara zote tatu aliendelea kukimbia.'"

"Aibu gani hii," alisema bibi.

"'Alikuwa pamoja na wasichana wanne, ambao baada ya kuhojiwa walidai kuwa ni marafiki zake.'"

Vidole vya msusi vilipungua mwendo.

"'Saa nne na dakika kumi na tano, mwanafunzi huyo alisimama kati ya maua, akapiga mpira wa makaratasi kwa mguu wake wa kulia, kwa nguvu. Mpira huo ulivunja kioo cha dirisha la ofisi, kipande cha kushoto, cha chini. Mzazi afike mara moja akiwa na kioo.'" Fundi alishusha barua. "Basi. Mguu wa kulia," alisema, na sauti yake ilianguka kidogo. Mguu wa kulia siku zote ulikuwa mzima. Alikuwa ameanza kutumaini, bila kujijua, kwamba ungeandikwa ule mwingine.

"Rudia hapo," alisema mkewe.

"Wapi?"

"Hapo penye mpira."

Alirudia. Mkewe alikuwa ameacha kusuka kabisa. Msuko mmoja ulimning'inia mkononi.

"Kama alipiga kwa kulia," alisema, "alisimama kwa upi?"

Fundi aliitazama barua tena, neno kwa neno, mpaka kwenye mihuri, kama mtu anayehakikisha kwamba ni halali.

"Kwa nguvu, wameandika," alisema bibi, na alikuwa amevua miwani, anaipangusa kwa ncha ya kanga. "Soma tena. Soma polepole."

"Jamani, nywele zangu," alisema mteja.